Makabati ya Jikoni na ya Nguo kwa Nyumba Mpya Niboye: Mwongozo kwa Wafanyabiashara na Wasafirishaji

KIGALI – Niboye ni mmoja wa mirenge ya wilaya ya Kicukiro, upande wa kusini-mashariki mwa jiji la Kigali. Ni eneo la makazi, na nyumba bado zinaongezeka. Kila nyumba inayokamilika inahitaji makabati ya jikoni, makabati ya nguo katika vyumba vya kulala na mara nyingi kabati la viatu sebuleni. Wengi huagiza makabati ya kupimwa na kutengenezwa kwa ajili ya nyumba husika, kwa sababu ya dukani hayaenei vizuri kwenye kuta. Hapo ndipo mfanyabiashara wa bodi, mbao, bawaba na reli za droo anapopata soko, na msafirishaji anapopata mzigo.

Makala hii inaeleza mzigo huo ni nini, unatoka wapi, unalipiwa vipi mpakani na unaharibika kwa njia gani kabla ya kufika kwa mwenye nyumba.

MAFUNDI WAKO WAPI

Kazi kubwa ya useremala Kigali hufanyika Gakiriro ya Gisozi, wilaya ya Gasabo. Hapo kuna karakana, wauza mbao, wauza bodi na maduka ya vifaa vya kabati mahali pamoja. Moto umewahi kuzuka hapo zaidi ya mara moja na kuteketeza mali. Kwa hiyo anayeacha shehena kwa wakala wa Gisozi aulize kuhusu bima kabla ya kushusha. Mafundi wengine wamo Kicukiro kwenyewe, na wengine huja kufungia kazi ndani ya nyumba.

Lugha si tatizo. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na kwa madereva na wafanyabiashara kilikuwa lugha ya kazi miaka mingi kabla ya hapo. Ila maneno ya ufundi yana asili ya Kifaransa. Fundi mzee ataita plaiwudi triplex, na kabati la ukutani ataliita placard. Ukipokea oda kwa simu, hakikisha mnazungumzia kitu kimoja, na uandike vipimo kwa milimita.

BODI AU MBAO?

Kabati la siku hizi halitengenezwi kwa mbao tupu. Sanduku lake huwa ni MDF au chipubodi iliyofunikwa melamini, unene wa milimita 16 au 18. Mgongo ni bodi nyembamba ya milimita 3 hadi 6. Milango huweza kuwa ya bodi hiyohiyo, ya MDF iliyopigwa rangi au ya mbao ngumu kwa mwenye uwezo.

Plaiwudi ni ghali zaidi, lakini chini ya sinki ndiyo inayofaa. MDF ya kawaida ikinyonya maji huvimba na hairudi tena. Fundi mwangalifu huweka miguu ya plastiki ya sentimita 10 chini ya makabati ya jikoni ili maji ya kupigia deki yasiguse bodi. Mchwa nao huchelewa.

Kwa upande wa mbao, Kigali inajua mbao iitwayo libuyu, inayotoka misitu ya Kongo. Njia ya Kivu si ya kupangia ratiba kama zamani, hasa tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma Januari 2025. Msonobari wa mashamba ya Sao Hill, Mufindi, unapatikana kwa wingi Tanzania na hufaa kwa fremu, lakini ununue uliokauka. Kwa matumizi ya ndani ya nyumba unyevu wa mbao unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 14. Mbao mbichi ikipakiwa Mafinga na kufungwa turubai siku kadhaa hufika na ukungu, na mlango utakaotengenezwa nayo utapinda kabla mwenye nyumba hajahamia. Kipimo kidogo cha unyevu cha kuchomeka kwenye mbao hulipa gharama yake katika shehena moja tu.

MBAO TATU ZINAZOHITAJI KIBALI

Hapa wengi hawana habari, na hasara yake ni kupoteza mzigo mzima. Tangu tarehe 23 Februari 2023, miti ya jamii ya mninga (Pterocarpus), mkongo (Afzelia) na mkangazi (Khaya) ya Afrika imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kufuatia mkutano uliofanyika Panama Novemba 2022. Mkurungu ulikuwa umeshaingizwa 2019.

Maana yake ni kwamba magogo, mbao zilizopasuliwa, veneer na plaiwudi za miti hiyo haziwezi kuvuka mpaka bila kibali cha CITES cha nchi inayotoa. Mbao zilizorandwa kwa umbo la kuunganishwa nazo zimo. Kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka TFS ya Tanzania peke yake hakitoshi, hata kama risiti zote za ushuru unazo. Samani iliyokamilika haimo katika masharti hayo. Kwa hiyo mlango wa mninga uliokwisha kuwa sehemu ya kabati lililotengenezwa Dodoma unapita, na mbao za mninga za kutengenezea mlango uleule zinazuiwa. Dereva ndiye anayekutwa na mzigo, kwa hiyo asiridhike na neno "mbao mchanganyiko" kwenye ankara. Adai jina la mti.

KABATI MOJA LINA BODI NGAPI?

Tuchukue kabati la nguo la kawaida: upana sentimita 240, kimo 240, kina 60. Kina hicho hakipunguzwi, kwa sababu hanga ya koti ina upana wa sentimita 45 hivi na nguo hujaza nafasi iliyobaki. Bodi ya futi nne kwa nane, yaani milimita 1220 kwa 2440, ikipasuliwa katikati kwa urefu hutoa vipande viwili vya sentimita 60.

Pande mbili na vigawanyo vitatu ni vipande vitano. Juu na chini viwili. Rafu 12 zinatoka katika vipande vitatu, kila kimoja kikitoa rafu nne za sentimita 58. Milango minne ni vipande vinne. Jumla ni vipande 14, yaani bodi 7 za milimita 18, pamoja na bodi 2 nyembamba za mgongo. Droo hazimo katika hesabu hii.

Bodi moja ya MDF ya ukubwa huo ina uzito wa kilo 39 hivi, kwa hiyo bodi 7 ni kama kilo 273. Lori la tani 10 linajaa uzito kwa bodi 250 tu, na rundo lake litaonekana dogo. Asiyezoea mzigo huu huongeza bodi kwa sababu ya kuona nafasi, kisha hukamatwa kwenye mizani.

Sasa linganisha na kabati lililokwisha kuunganishwa. Linachukua karibu mita za ujazo 3.5. Vipande vyake vikilazwa ni kama mita 0.4. Yaani anayesafirisha makabati yaliyosimama analipa nafasi mara tisa kubeba hewa, na mengi hufika yamelegea viungo. Isitoshe, kabati la kimo cha sentimita 240 na kina cha 60 haliwezi kuinuliwa kutoka sakafuni chini ya dari ya sentimita 245, maana ulalo wake ni sentimita 247. Wapo waliolazimika kukata miguu ya kabati jipya ndani ya chumba. Safirisha vipande, fundi aunganishe chumbani.

MPAKANI: BODI NI BODI, SAMANI NI SAMANI

Katika kitabu cha ushuru, MDF imo katika kichwa 4411, chipubodi 4410, plaiwudi 4412 na mbao zilizopasuliwa 4407. Samani ya mbao ya jikoni ni 9403.40 na ya chumba cha kulala 9403.50. Bawaba ni 8302.10.

Tangu tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ngazi nne za ushuru wa pamoja, na ya juu ni asilimia 35. Samani zimo katika ngazi hiyo. Kabati kutoka nje ya Jumuiya lenye thamani ya dola 2,000 pamoja na nauli na bima hutozwa ushuru wa dola 700. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya 2,700, nayo ni dola 486. Jumla ni dola 1,186 kabla ya tozo nyingine ndogo. Asiye na cheti cha kutodaiwa kodi huongezewa asilimia 5 ya zuio. Nchi wanachama huomba kubadilishiwa viwango kila mwaka, kwa hiyo angalia gazeti rasmi la Jumuiya la mwisho wa Juni kabla ya kuagiza.

Mtego uko kwa vipande. Wapo wanaodhani wakileta kabati likiwa halijaunganishwa watatozwa kama bodi. Sivyo. Kwa kanuni ya 2(a) ya tafsiri ya kitabu cha ushuru, vipande vilivyokatwa kwa vipimo, kutobolewa na kubandikwa utepe wa kingo, vikiletwa pamoja kama kabati kamili, ni samani. Kuviandika 4411 ni tamko la uongo.

Kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ushuru ni sifuri, ilimradi una cheti cha asili. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ulio kwenye orodha ya pamoja, cheti rahisi hutolewa mpakani penyewe. Lakini bodi ya China haiwi ya Kenya kwa kununuliwa Nairobi. Ankara ya duka la Nairobi si cheti cha asili. Kabati lililotengenezwa Kampala kwa bodi ya kigeni ni jambo jingine: linaweza kupata cheti kama kazi iliyofanyika inatosheleza Kanuni za Asili za 2015, na mtengenezaji ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Rwanda pia ni mwanachama wa COMESA, Tanzania siyo. Ndiyo maana samani za Damietta, Misri, zikiwa na cheti cha COMESA, zinaweza kushindana Kigali kwa bei ambayo mletaji wa samani za Dubai au China haiwezi.

NJIA NA KUSHUSHA

Dar es Salaam hadi Kigali kupitia Rusumo ni kama kilomita 1,500. Mombasa hadi Kigali kupitia Kampala inakaribia 1,700, na mpaka ni Gatuna au Kagitumba. Gatuna ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Waliokuwa na mkataba wa njia moja tu wakati ule waliumia, kwa hiyo mkataba wa nauli utaje mpaka wa pili na nani anayelipa tofauti. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, tamko hufanywa Kigali mzigo ukiwa bado bandarini. Wakala wa Kigali awe amechaguliwa kabla meli haijatia nanga.

Bodi hulazwa, hazisimamishwi. Weka vipande vya mbao chini kila baada ya sentimita 60, vyote vya kimo kimoja, la sivyo bodi za chini zitapinda kwa uzito wa za juu. Mkanda wa kufungia usiguse kingo bila kuwekewa kona za karatasi ngumu, kwani kingo ya melamini iliyomeguka haina dawa, na kipande hicho mteja hakipokei. Mvua za Kigali ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Desemba. Turubai moja haitoshi miezi hiyo.

Lori kubwa haliingii vichochoro vya Niboye. Hamishia kwenye Fuso au Daihatsu ndogo, na gharama hiyo uiweke kwenye bei tangu mwanzo. Usipange kushusha asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni siku ya umuganda, na magari hayatembei mpaka saa tano.

KABLA YA KUKATA

Vipimo vichukuliwe baada ya lipu na vigae, siyo kwenye ramani. Ukuta wa matofali ya kuchoma ukishapigwa lipu huweza kutofautiana sentimita mbili kutoka chini hadi juu. Pima sehemu tatu, chukua kipimo kidogo, kisha ubao mwembamba uzibe pengo. Lipu mpya iachwe ikauke mwezi mmoja hivi. Kabati likibandikwa kwenye ukuta mbichi mgongo wake huota ukungu, na lawama humwangukia muuza bodi.

Jikoni, kabati la chini lina kina cha sentimita 60 na kimo cha 85 hadi 90 pamoja na meza ya graniti. La juu lina kina cha 30 hadi 35. Kwa nguo, nafasi ya gauni ni sentimita 150 au zaidi, ya shati 100. Rafu ya bodi ya milimita 18 isizidi upana wa sentimita 80, la sivyo italegea katikati.

Malipo mara nyingi huwa nusu mwanzoni. Kwa muuza bodi ni salama zaidi nusu hiyo ilipwe kwake moja kwa moja na mwenye nyumba, siyo kupitia kwa fundi, na atoe ankara ya EBM inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda. Orodha ya vipande, yenye saini ya mwenye nyumba na fundi, iambatane na mzigo. Kipande kilichokatwa kwa kipimo cha ukuta wa mtu hakina mnunuzi mwingine.