Spirydion Albański, Mlinda Mlango wa Lwów

Historia ya soka la Poland kati ya vita viwili vya dunia haiwezi kuelezwa kwa kuitazama Warsaw peke yake, kwa kuwa mchezo huo ulitia mizizi mapema zaidi kusini, katika Galicia iliyokuwa chini ya utawala wa Austria, na hasa katika mji wa Lwów, ambao leo ni Lviv ya Ukraine. Huko ndiko ilikochezwa, tarehe 14 Julai 1894, mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Wapoland, iliyokatizwa baada ya dakika 6, mara tu bao lilipofungwa, ili wanamichezo ya viungo waendelee na maonyesho yao.

Spirydion Albański alizaliwa mjini humo mwaka 1907, akawa mlinda mlango wa Pogoń, klabu iliyoasisiwa 1904 na kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1922, 1923, 1925 na 1926. Bahati yake ilikuwa nusu: alipoimarika langoni, enzi ya mataji ilikuwa imekwisha, na klabu ikaishia nafasi ya pili mwaka 1932, 1933 na 1935.

Kati ya 1931 na 1936 aliichezea timu ya taifa mechi 21, idadi inayoonekana ndogo kwa vipimo vya leo, ingawa mataifa ya wakati huo yalikutana mara chache kwa mwaka. Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari, kwani sheria zilimruhusu mshambuliaji kumpiga kikumbo, yaani kumsukuma kwa bega, kipa aliyeshika mpira mikononi.

Kilele chake kilikuwa Michezo ya Olimpiki ya Berlin, 1936, ambako Poland, chini ya Józef Kałuża, iliifunga Hungaria 3–0, kisha ikaongoza 5–1 dhidi ya Uingereza na kunusurika kwa 5–4, kabla ya kushindwa na Austria 3–1 katika nusu fainali. Medali ya shaba ilipotea mbele ya Norwei, kwa 3–2, mabao yote matatu yakiwa ya Arne Brustad. Kumbukumbu ya umma imeelemea zaidi mechi ya Kombe la Dunia ya 1938, Brazil iliposhinda 6–5 Edward Madejski akiwa langoni, jambo ambalo limemfunika Albański isivyo haki, kwa sababu timu yake ndiyo iliyofika mbali zaidi.

Septemba 1939 Lwów iliangukia mikononi mwa Wasovieti, na Pogoń ikakoma. Mipaka ilipochorwa upya mwaka 1945, Wapoland wengi wa mji huo walihamishiwa magharibi, hasa Silesia, ambako Polonia Bytom iliwapokea wachezaji wa zamani wa Lwów na kutwaa ubingwa mwaka 1954. Albański naye alifariki katika eneo hilohilo, mjini Katowice, mwaka 1992.