Sauti, Pesa na Jina: Wimbo Ulivyosafiri kutoka Santuri hadi Memori Kadi

Mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay. Mwanamke huyu wa Fumba, aliyewahi kutembeza vyungu mitaani akivinadi kwa sauti, sasa alikuwa anakwenda kuiuza sauti yenyewe. Kampuni ya Gramophone, yenye chapa ya His Master's Voice, ilirekodia India, na Siti pamoja na wapigaji wenzake wakaivuka bahari.

Sahani ya santuri ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika na kubeba dakika tatu hivi kila upande. Taarabu iliyozoea kukesha, mwimbaji akirudia ubeti kwa kadiri watu wanavyomtunza, ikabidi ikatwe ienee sahani. Hata hivyo sahani hiyo ilikuwa na kitu ambacho leo tunaweza kukionea wivu: karatasi ya duara katikati, iliyochapwa jina la wimbo na la aliyeuimba. Santuri ilipofika Lamu au Dar es Salaam, jina la Siti lilifika pamoja nayo.

Wimbo unaposafiri hubeba mizigo mitatu: sauti, pesa ya aliyeimba, na jina lake. Kila chombo kilichoubeba muziki wa Afrika Mashariki tangu safari ile kilifikisha mzigo mmoja salama na kudondosha mwingine njiani. Zama za kupakua nyimbo zilikuja na ahadi kwamba mwimbaji na msikilizaji wangekutana bila mtu wa kati. Kilichotokea ni kwamba mtu wa kati alibadili kibanda tu, na safari hii, pamoja na pesa, jina nalo likaanza kudondoka.

Nairobi ya santuri, Dar es Salaam ya redio

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Nairobi ikawa mji mkuu wa santuri katika ukanda huu. Kampuni za kimataifa, zikiwamo EMI na PolyGram, zilikuwa na shughuli zao pale, na River Road ikajaa watayarishaji wadogo waliotoa santuri za lugha zote za Kenya, pamoja na Kiswahili. Bendi za Tanzania zilizotaka santuri zilivuka mpaka. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, alikuwa miongoni mwa Watanzania waliokuwa na soko kubwa upande ule.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983. Kwa bendi za Dar es Salaam, mlango mkubwa uliobaki ulikuwa studio ya Radio Tanzania. DDC Mlimani Park, iliyoundwa 1978, Orchestra Maquis, Juwata na nyingine ziliingia studio, zikapiga, na kabla ya mwezi kwisha nyimbo zao zinaimbwa Kigoma na Mtwara. Kati ya kadi za salamu na taarifa ya habari, mtangazaji alilitaja jina la bendi, mara nyingi hata la mtunzi. Sauti na jina vilifika vijijini kusikofika gari. Pesa ndiyo haikusafiri. Wanamuziki waliendelea kuishi kwa mshahara wa bendi na viingilio vya ukumbini.

Kaseti na mwenye mashine

Kaseti ilizinduliwa na Philips mwaka 1963, kazi ya kundi la wahandisi waliokuwa chini ya Mholanzi Lou Ottens. Wao walikusudia chombo kidogo cha kutia mfukoni. Huku kwetu ubora wake ulikuwa mwingine: ilifutika na kurekodiwa upya. Santuri ilihitaji kiwanda, ilhali kaseti ilihitaji redio mbili na waya.

Mombasa ilionyesha mapema biashara hii ingeendeshwaje. Duka la Mbwana Radio Service lilirekodi taarabu za waimbaji kama Zuhura Swaleh na Maulidi Juma, likahifadhi kanda mama, kisha likanakili kwa oda: mteja anataja anachotaka, anarudi baadaye kuchukua kanda yake. Dar es Salaam na miji mingine ikajaa vibanda vya namna hiyo, ingawa vingi havikuwahi kumrekodi mtu. Vilinakili tu, kutoka redioni, kutoka santuri, kutoka kanda ya jirani. Mteja alileta kanda tupu na orodha ya nyimbo kwenye karatasi ya daftari. Fundi aliandika majina kwa kalamu ya wino kwenye kikaratasi cha ndani, na mwandiko wake ndio uliokuwa lebo.

Bongo Fleva ilipokomaa mwishoni mwa miaka ya 1990, kaseti ndiyo iliyoibeba sokoni. Albamu kama Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ya mwaka 2001, zilipita mikononi mwa wasambazaji wachache wa Kariakoo waliokuwa na mashine za kudurufu kwa wingi. Msanii alikabidhi masta, akapewa fungu la pesa kwa mkupuo au ahadi ya kiasi fulani kwa kila kanda. Lakini kanda ngapi? Aliyejua hesabu ni mwenye mashine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iliyozaa COSOTA, chama cha hakimiliki cha Tanzania, ilimpa mtunzi haki kwenye karatasi, bila kumpa njia ya kuhesabu kanda zinazotoka usiku.

Sikio lilivyochunguzwa Erlangen

Kabla ya hapo, mjini Erlangen, Ujerumani, wahandisi wa Taasisi ya Fraunhofer, akiwamo Karlheinz Brandenburg, walikuwa wakilichunguza sikio la binadamu. Sikio lina uvivu wake: ngoma kubwa ikilia, njuga ndogo iliyo karibu nayo halisikii. Kama halisikii, kwa nini njuga hiyo ihifadhiwe? Wakatengeneza hesabu ya kutambua kisichosikika na kukitupa. Wimbo wa dakika nne, ambao kwenye CD huchukua takriban megabaiti 40, ukabaki na megabaiti 4 hivi. Julai 1995 wakakubaliana kuziita faili hizo .mp3.

Kilichofuata ng'ambo kinajulikana. Mwaka 1998 kampuni ya Saehan ya Korea Kusini ilitoa MPMan, kichezeo cha mfukoni cha megabaiti 32, kiasi cha nyimbo nane. Mwaka 1999 Shawn Fanning, kijana wa miaka 18, akaanzisha Napster, watu wakabadilishana nyimbo bure kompyuta kwa kompyuta, hadi amri ya mahakama ilipoilazimu kuzimwa Julai 2001. Miezi mitatu baadaye Apple ikatoa iPod: gigabaiti 5, nyimbo 1,000, dola 399. Aprili 2003 ikafungua duka la iTunes na kuuza wimbo mmoja kwa senti 99. Pamoja na yote hayo, mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yalishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 20 mwanzoni mwa karne hadi takriban bilioni 13 mwaka 2014.

Kwa msikilizaji wa Tandale au Kibera, iPod ilikuwa habari ya magazeti. Ilihitaji kompyuta nyumbani, kadi ya benki, na duka ambalo lilipofunguliwa liliwauzia wakazi wa Marekani tu. Lakini faili ya MP3 yenyewe haikuomba pasi ya kusafiria. Ilifika kwanza kwenye CD za kubani, zilizotembezwa na wamachinga katika stendi za mabasi. CD ya kawaida hubeba albamu moja. Ile ya MP3 ilibeba nyimbo zaidi ya 150, mkusanyiko wa wasanii ambao baadhi yao hawakuwahi hata kusalimiana.

Fundi wa kuingiza nyimbo

Halafu ikaja simu yenye tundu la memori kadi. Nokia zilianza, kisha simu za Kichina zenye laini mbili na spika ya kusikika mtaa wa pili. Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipopata kichezeo chake cha mfukoni. Kadi ya gigabaiti moja, ndogo kuliko ukucha, ilibeba nyimbo kama 250.

Nyimbo hizo ziliingiaje? Duniani neno "kupakua" lilimaanisha mtu na intaneti yake. Kwetu, kwa muongo mzima, lilimaanisha mtu na fundi wake. Katika kibanda cha mbao chenye kompyuta ya mezani iliyochoka na feni inayopuliza vumbi, kijana alifungua mafolda: Bongo Mpya, Taarabu, Zilipendwa, Injili, Kikongo, Reggae. Mteja alitoa shilingi mia kadhaa na kadi yake, akasema, "Niwekee kali za sasa, na za zamani kidogo za mzee." Fundi alijua mzee wa mteja huyu anapenda Maquis, na yule wa jana hataki kitu zaidi ya Kikongo. Ni kazi ileile ya mwenye redio mbili na waya, isipokuwa dakika sitini za kunakili kanda zilikuwa sekunde chache.

Kutoka kibandani nyimbo zilienda zenyewe. "Nirushie huo," mtu alisema ndani ya daladala, simu mbili zikawekwa pamoja, na kwa Bluetooth wimbo ukahama bila senti kubadili mkono. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ikaanza kushuka bei, lakini mwanzoni faida ilimfikia fundi kabla ya wateja wake: alipakua mara moja, akagawa mara elfu.

Wasanii wengi waliona upepo unakovuma. Badala ya kupigana na faili, wakawa wanaigawa wenyewe: wimbo ukitoka studio, unapelekwa kwa DJ, kwa mtangazaji na kwa wenye blogu, bure, alimradi usikike. Wimbo ukageuka tangazo, na bidhaa ikawa shoo. Anayeuita upakuaji wote wa zama zile wizi hajasema kweli yote. Msanii asiyekuwa na msambazaji wa Kariakoo alipata njia ya kusikika Songea kwa juma moja, na fundi wa kibanda ndiye aliyekuwa mtandao wake.

Hasara ilikuwa kwingine. Kila blogu iliyopandisha wimbo iliweka anwani yake pale palipokusudiwa jina la msanii. DJ aliingiza sauti yake katikati ya ubeti. Ili faili iwe nyepesi ilikandamizwa tena na tena, na kinachoumia kwanza ni sauti za juu: matoazi, njuga, kayamba, mikwaruzo ya fidla katika taarabu. Yaani vitu vilevile vinavyotuambia wimbo huu ni wa pwani na ule ni wa bara.

Simu yageuka duka

Kampuni za simu zilikuwa za kwanza kutoza msikilizaji kidijitali kwa mafanikio, kwa sababu zilikuwa tayari zinashika pochi yake. Kenya, huduma ya Skiza ya Safaricom iliuza wimbo anaosikia anayekupigia wakati anasubiri upokee. Malalamiko ya wasanii juu ya mgawo yalifika mahakamani na bungeni, hadi marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2022 yalipoweka kwamba mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu ipate 39.5 na mtoa huduma wa kati 8.5. Huyo wa mwisho ni mjukuu halali wa msambazaji wa kaseti, na safari hii fungu lake limeandikwa katika sheria.

Majukwaa yakafuata. Mdundo, lililoanzia Nairobi, liliendelea kutoa nyimbo za kupakua kwa sababu liliwajua wasikilizaji wake, watu wa bando la kuhesabu. Mwaka 2020 likaorodheshwa katika soko la hisa la Nasdaq First North, Copenhagen. Boomplay, iliyoanza Nigeria 2015, iliingia kwa ujanja ambao fundi wa kibanda angeupigia makofi: ilikuja imeshawekwa ndani ya simu za Tecno. Mwaka 2020 Diamond Platnumz akawa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kufikisha jumla ya mitazamo bilioni moja YouTube. Februari 2021 Spotify ikatangaza kuingia Tanzania, Kenya na Uganda. Hesabu ambayo mwenye mashine aliificha sasa iko wazi kwenye skrini, tarakimu kwa tarakimu, ingawa bei ya kila tarakimu hupangwa mbali na Kariakoo.

Kilichobaki mikononi

Kwa mtunza urithi, swali ni nini kimesalimika. Santuri za Siti, zenye karibu miaka mia, bado zinalia ukizipata na sindano nzuri. Kanda za Radio Tanzania zilirithiwa na TBC, na ingawa kanda hizo huzeeka, nyingi ziliandikwa zilirekodiwa lini na nani. Miaka ya hatari zaidi ni ya karibu, takriban 2000 hadi 2012, ambapo nyimbo nyingi zilizaliwa kwenye kompyuta za studio zilizokwisha kuuzwa kama vyuma chakavu, zikaishi kwenye memori kadi, na memori kadi hufa ghafla, bila hata kukwaruza kwanza kama santuri.

Zilizopona ziko kwenye droo, ndani ya simu za zamani zisizo na betri. Fungua moja na utakuta folda ya Zilipendwa, na ndani yake faili iitwayo Traki 07. Pale pa jina la msanii imeandikwa kwamba hajulikani, au imewekwa anwani ya blogu iliyokufa. Sauti ipo, imechakaa. Jina halipo.

Mtu anayelijua jina hilo huenda bado yupo mtaani. Kompyuta yake aliiondoa zamani, na katika kibanda kilekile sasa anauza vifuniko na vioo vya simu. Mpigie sekunde tano za mwanzo, atakutajia aliyeimba, aliyepiga solo, na mwaka ambao wimbo ulivuma. Ni vema aende mtu mwenye kalamu.