Bendi Ikibaki na Mmoja

Sisi tuliotoka Katanga tukavuka kuingia Zambia, tulikuta muziki ambao kwetu haukufika: Zamrock. Miaka ya 1970, vijana wa huku walichukua roki ya Uingereza na Marekani, gitaa za umeme zikilia kwa kelele, wakaichanganya na midundo ya kwao. Bendi iliyovuma kuliko zote ni WITCH. Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, kwa kufananishwa na Mick Jagger.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, maisha yakawa magumu. UKIMWI nao ukaja, ukaondoka na wanamuziki wengi. Jagari akaenda zake kuchimba vito.

Basi, mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango, iliyorekodiwa Lusaka. Jagari yule yule anaimba, wadogo wa Zambia na Ulaya wanampigia.

Watu wanauliza: mwanzilishi akibaki mmoja, hiyo bado ni bendi ile? Mimi nilikuwa na bendi. Wenzangu wawili sijui walipo. Ila nyimbo zetu nazikumbuka zote, na Jumamosi nawafundisha vijana wa hapa kambini. Jibu langu ni hilo.