Nyenje wa Mitini: Utaalamu Uliochelewa Kusikiliza

Mswidi Yngve Sjöstedt alikusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, akarudi Stockholm na mzigo uliozaa vitabu vikubwa vinavyoheshimika hadi leo. Lakini mdudu aliyechomwa pini haimbi, na kwa nyenje wa mitini hapo ndipo ujuzi wa makumbusho hukwama.

Nilifundisha baiolojia hadi nikastaafu, sasa naishi Utemini, Singida mjini. Mvua zikielekea ukingoni, usiku umeme ukikatika, nasikia nyenje wawili. Mmoja, kwenye mwarobaini, hulia mfululizo kama cherehani isiyoishiwa kitambaa. Mwingine, kwenye ua wa minyaa, hukatiza: kri, kri, kri. Wamulike kwa tochi, utaona wembamba wawili wa kijani kilichopauka, basi. Madume ndio waimbaji, kwa kusuguanisha mabawa. Majike, wenye masikio kwenye miguu ya mbele, huufuata wimbo wa kabila lao. Uainishaji wanao wenyewe tangu zamani.

Wataalamu walichelewa. Mwaka 1897 Amos Dolbear, mwanafizikia wa Massachusetts, aliandika kwamba ukihesabu milio ya nyenje utajua joto la hewa, maana baridi ikizidi mdudu hupunguza mwendo. Spishi hakuitaja! Inaaminika alimsikia nyenje wa mitini ambaye vitabu vya Marekani vilimwita *Oecanthus niveus*, jina ambalo kumbe ni la jamaa yake. Mtaalamu wa wadudu Thomas Walker alilisahihisha mwaka 1962, nyimbo zikiwa miongoni mwa ushahidi wake, akamwita *Oecanthus fultoni*.

Afrika nayo ina yake, tena ya kustaajabisha. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini waliripoti kwamba dume la *Oecanthus burmeisteri* hutoboa jani, hujipachika tunduni na kuinua mabawa, jani zima likawa spika. Nani alimfundisha? Mwaka 1988 watafiti Toms na Otte wakatangaza spishi mpya za nyenje hao wa Afrika Mashariki na Kusini.

Nami nimejaribu hesabu ya Dolbear baridi ya Singida inapoanza. Wa minyaa anahesabika, na kweli hupunguza kasi usiku ukipoa, ila jibu halilingani na kipimajoto, kwa kuwa kila spishi ina mwendo wake. Wa mwarobaini hahesabiki kabisa. Huyo anahitaji kinasa sauti na mtu mwenye subira kuliko mimi.