Mavazi ya Halloween kwa mbwa

Mavazi ya Halloween kwa mbwa ni nguo, kofia na mapambo ambayo mbwa wa nyumbani huvishwa wakati wa Halloween, sherehe ya tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Desturi hii imeshamiri zaidi Marekani, na ipo pia Kanada na Uingereza. Vazi la sherehe halimfaidishi mbwa. Furaha ni ya wanaomtazama. Kwa hiyo wajibu wa kulinda usalama na raha yake ni wa anayemvisha. Vazi linafaa ikiwa mbwa aliyelivaa bado anapumua, anaona, anasikia, anatembea na kuwasiliana kama kawaida yake.

Asili na kuenea

Halloween ina mizizi katika Samhain, sikukuu ya Wakelti wa Ireland na Uskoti iliyoashiria mwisho wa mavuno na kuingia kwa majira ya baridi. Wahamiaji kutoka nchi hizo waliifikisha Amerika Kaskazini katika karne ya 19. Katika karne ya 20 ikawa sherehe ya watoto wanaojigeuza vizuka, wachawi au mashujaa, wakapita nyumba hadi nyumba kuomba peremende. Kadiri mbwa walivyozidi kuhesabiwa kuwa watu wa nyumbani, nao wakaingizwa katika shamrashamra hizo.

Mfano maarufu ni gwaride la mbwa la Tompkins Square, katika mtaa wa East Village jijini New York, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambalo huvuta mamia ya mbwa waliopambwa. Uchunguzi unaofanywa kila mwaka na shirikisho la kitaifa la wauzaji wa rejareja nchini Marekani huhesabu pia mavazi ya wanyama. Boga na soseji ndani ya mkate yamekuwa miongoni mwa yanayopendwa zaidi.

Mwili wa mbwa na vazi

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni takriban nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi. Mbwa hutoa jasho kidogo tu, kupitia nyayo. Hujipoza hasa kwa kuhema: hewa hupita juu ya ulimi na njia za hewa zenye unyevu, maji yakageuka mvuke na kuondoka na joto. Vazi zito linalofunika kifua na tumbo huzuia joto kutoka, na kinyago kinachobana mdomo humnyima mbwa njia yake kuu ya kujipoza. Hatari ni kubwa zaidi kwa mbwa wenye pua fupi kama bulldog, pug na Pekingese, ambao hupumua kwa shida hata wakiwa hawajavaa kitu, na kwa mbwa wanene, wazee au wenye maradhi ya moyo.

Masikio na mkia ni viungo vya mawasiliano. Mbwa huvitumia kuwaonyesha wenzake kwamba ana hofu, anataka kucheza au anataka kuachwa. Kofia inayolaza masikio na vazi linaloficha mkia huzima ishara hizo, na mbwa wengine wanaweza kumwelewa vibaya hadi wakapigana naye.

Kuchagua vazi

Kabla ya kununua au kushona, hupimwa mzunguko wa shingo, mzunguko wa kifua na urefu wa mgongo. Vazi likishavaliwa, vidole viwili vipite bila taabu kati ya kitambaa na mwili, hasa shingoni na kwapani. Lisiburute chini, lisifunike macho, na liache wazi sehemu ya kujisaidia. Kitambaa chepesi cha pamba hufaa kuliko manyoya ya bandia. Mpira mwembamba wa kuvutika haufai, kwa kuwa huzama ndani ya manyoya na kukata ngozi kabla mtu hajauona.

Vifungo, kengele, shanga na mapambo ya kubandika huondolewa. Mbwa huvitafuna, na akivimeza vinaweza kuziba utumbo hadi alazimike kupasuliwa. Taa ndogo za betri ni hatari zaidi, kwani betri ikitafunwa au kumezwa huunguza mdomo, koo na tumbo. Rangi za nywele za binadamu hazipakwi kwenye manyoya. Zinaweza kumchoma ngozi na kumdhuru anapojilamba.

Kumzoesha

Mazoezi huanza siku nyingi kabla ya sherehe. Kwanza vazi huwekwa sakafuni, mbwa alinuse apendavyo na apewe kitafunwa. Kisha huwekwa mgongoni mwake kwa sekunde chache na kuondolewa. Muda huongezwa kidogo kidogo, na kila hatua hufuatwa na chakula au mchezo anaoupenda. Akisita, anayemzoesha hurudi hatua moja nyuma. Hata akizoea, huvaa kwa muda mfupi tu, na haachwi peke yake akiwa amevaa.

Dalili za dhiki

Mkufunzi wa mbwa kutoka Norwei, Turid Rugaas, amechangia sana kueneza uelewa wa ishara ndogo ambazo mbwa hutoa anapohisi shinikizo. Miongoni mwa dalili za kutazamwa ni kulamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso, kutoa macho hadi weupe wake uonekane, kulaza masikio na kuficha mkia katikati ya miguu.

Dalili inayopotosha wengi ni utulivu. Mbwa anayesimama kimya bila kujongea baada ya kuvishwa husifiwa kwa upole, ilhali mara nyingi amegandishwa na hofu. Anayeridhika hutembea, hunusa na hula kama kawaida. Anayenguruma haadhibiwi, anatoa onyo, na jibu sahihi ni kumvua mara moja.

Usiku wa sherehe

Kengele ya mlango hulia mara kwa mara na wageni huja na nyuso za kutisha. Mbwa mwoga huwekwa katika chumba tulivu mbali na mlango. Anayetoka hufungwa kamba, na huvaa kola yenye kibao cha jina na namba ya simu, pamoja na mkanda unaoakisi mwanga wa magari. Maboga yenye mishumaa huwekwa mbali naye, kwani kitambaa hushika moto upesi.

Peremende ni hatari nyingine. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole na ambayo huweza kuvuruga moyo na neva. Zailitoli, sukari mbadala iliyomo katika ubani wa kutafuna na peremende kadhaa, huweza kushusha sukari ya damu ndani ya saa moja. Zabibu kavu zinaweza kuharibu figo. Mbwa aliyekula chochote kati ya hivi hupelekwa kwa daktari wa wanyama bila kungoja dalili.

Msimamo wa watetezi wa wanyama

Shirika la Marekani la ASPCA, lililoanzishwa mwaka 1866, hushauri mnyama asivishwe isipokuwa inajulikana kwamba anafurahia. Nchini Uingereza na Wales, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamtaka mfugaji azingatie hitaji la mnyama kuonyesha tabia zake za asili. Vazi linalomzuia mbwa kutembea au kuwasiliana linakwenda kinyume na hitaji hilo. Kwa mbwa asiyependa nguo, skafu nyepesi shingoni au kola ya rangi ya chungwa inatosha. Akiikataa nayo, asherehekee bila vazi.