Bunduki Nyepesi ya Mtutu Mmoja na Bata Mzinga wa Marekani

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za ndege mmoja wa Marekani, na za bunduki moja iliyohesabiwa kwa muda mrefu kuwa silaha ya maskini. Ndege huyo ni bata mzinga wa porini. Bunduki ni ile ya marisau, yaani itupayo punje ndogo nyingi kwa mpigo mmoja. Nayo ni nyepesi, ina mtutu mmoja, na hupiga mara moja tu kisha hutaka kujazwa tena. Siku hizi wawindaji wengi wa Marekani, hata wale wawezao kununua silaha za thamani, wameirudia bunduki hiyo, na swali laulizwa mara kwa mara: mtu aichague vipi? Twaweza kujibu kwa maneno machache ya ufundi. Lakini wako watu wadhanio kwamba silaha dhaifu huhifadhi wanyama na silaha kali huwamaliza, nao huchagua bunduki kwa dhana hiyo. Historia ya bata mzinga haikubaliani nao, na kwa hiyo twaona ni vema kuanza na historia.

Kwanza tumtambue ndege mwenyewe. Jina letu laweza kumpoteza msikilizaji, kwani ndege huyu si bata kamwe. Ni wa ukoo wa kuku na kwale. Mataifa mengine nayo yamempa majina ya nchi zisizo zake. Waingereza humwita kwa jina la Uturuki, Waturuki wenyewe humwita kwa jina la Uhindi, na Waarabu humwita jogoo wa Rumi. Asili yake ni Amerika. Wenyeji wa Meksiko walimfuga yapata miaka 2,000 iliyopita, na Wahispania walimleta Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Huko Ulaya watu walimchanganya na kanga wetu wa Afrika, ambaye alikuwa amefika kwa njia ya nchi za dola ya Waturuki. Hata jina lake la kitaalamu, Meleagris, ni jina ambalo Wayunani wa kale walimpa kanga.

Dume wa porini aliyekomaa huwa na uzito wa ratili 16 hadi 24. Usiku hulala juu ya miti, na alfajiri hushuka kutafuta chakula. Pua yake haina kazi kubwa, lakini macho yake ni makali mno, tena huona rangi. Majira ya kuchipua majani dume hulia kwa sauti kubwa akiwaita majike. Mwindaji hujificha chini ya mti, huiga sauti ya jike, na kumngoja dume aje mwenyewe. Wenyeji wa asili wa Amerika walifanya filimbi ya kazi hiyo kwa mifupa ya bawa la ndege yule yule. Na mwaka 1897 Henry Gibson wa mji wa Dardanelle, katika Arkansas, alipata hati ya serikali kwa kijisanduku chake cha mbao ambacho kifuniko chake kikisuguliwa hutoa sauti kama ya jike.

Sasa twende kwenye bunduki. Walowezi wa kwanza kutoka Ulaya walitumia gobori, ambalo baruti na marisau hushindiliwa kwa mdomoni. Mwenye gobori la mtutu mmoja akiisha kupiga, hana budi kusimama na kushindilia upya, na ndege waliosalia hawamngoji. Kama udhaifu wa silaha ungekuwa ngao ya wanyama, basi zama za gobori zingekuwa zama za salama. Mambo hayakuwa hivyo. Katika Connecticut bata mzinga alikwisha kutoweka kufika mwaka 1813. Katika Massachusetts wa mwisho ajulikanaye alionekana mwaka 1851, kwenye mlima uitwao Mount Tom.

Twaulize sababu. Ya kwanza ni shoka. Misitu ilifyekwa kwa ajili ya mashamba, kuni na mbao, na ndege alalaye juu ya mti na kula mbegu za mwaloni hawezi kuishi mahali pasipo miti. Sababu ya pili ni kwamba uwindaji haukuwa na mpaka. Watu waliua mwaka mzima, majike na madume, hata majike yaliyoatamia mayai. Tena waliwapiga usiku wakiwa wamelala mitini. Wengine hawakutumia bunduki kabisa. Walijenga vizimba vya magogo, wakachimba mfereji wa kuingilia chini yake na kunyunyiza mahindi. Ndege walifuata mahindi wameinamisha vichwa mpaka ndani. Kisha waliinua vichwa kutafuta njia juu, wasione kwamba mlango uko chini ya miguu yao. Kwa njia hiyo kundi zima liliweza kunaswa pasipo kutumika hata chembe ya baruti, na nyama ikapelekwa sokoni.

Bunduki ya mtutu mmoja ijazwayo kwa nyuma ilienea baada ya hapo. Mtutu wake huinama kwa bawaba. Mtu hutia kiasi, yaani ganda lenye baruti na marisau pamoja na fataki yake, kisha huufunga mtutu na kuivuta nyundo kwa kidole gumba. Viungo vyake ni vichache, na kwa hiyo bei yake ilikuwa ndogo. Viwanda vyake vikubwa vilikuwa katika Massachusetts hiyo hiyo: Harrington & Richardson katika mji wa Worcester, kiwanda ambacho asili yake ni mwaka 1871; Iver Johnson katika Fitchburg; na Stevens katika Chicopee Falls, si mbali na Mount Tom. Wafanyakazi wa viwanda hivyo walitengeneza bunduki katika nchi ambayo bata mzinga alikuwa amekwisha kuondoka. Duka la Sears, Roebuck la Chicago liliziuza bunduki za namna hii kwa posta kwa dola chache tu, na watoto wengi wa wakulima walijifunza shabaha kwazo.

Hatusemi kwamba bunduki hiyo haikuwa na lawama. Ilipofika kusini na magharibi, ambako ndege walikuwa wamesalia, iliua kama nyingine. Kufika mwaka 1920 bata mzinga alikuwa ametoweka katika majimbo 18 kati ya 39 yaliyokuwa makao yake ya asili.

Wokovu wake ulitoka katika sheria na kazi ya subira. Mwaka 1900 sheria iitwayo Lacey Act ilikataza kuvusha mipaka ya majimbo nyama ya mwitu iliyopatikana kinyume cha sheria. Mwaka 1937 ikafuata sheria ya Pittman-Robertson, ambayo iliweka kando kodi ya bunduki za kuwindia na viasi vyake ili fedha hizo zitumike kwa kuhifadhi wanyama. Kwa miaka mingi kodi hiyo imekuwa asilimia 11. Mashamba mengi ya zamani yaliachwa, na miti ikaota tena.

Ilisalia kumrudisha ndege. Kwanza walijaribu kuwafuga bata mzinga na kuwafungulia porini, lakini jaribio hilo lilishindwa, kwa kuwa ndege waliolelewa na watu hawakujua kujiokoa. Ilibidi kuwakamata wa porini walio hai na kuwahamisha, na hao ni wagumu kukamatika. Mwaka 1951, katika msitu wa serikali uitwao Francis Marion huko South Carolina, mabwana wanyama walifaulu kuwanasa kwa wavu uliorushwa na mizinga midogo. Bata mzinga alinaswa kwa mzinga, nasi twacheka kidogo kwa jinsi jina letu lilivyoafikiana na tendo hilo. Njia hiyo ikaenea. Massachusetts ilipokea ndege 37 kutoka New York katika miaka ya 1972 na 1973, na leo wazao wao wamepita 25,000. Katika nchi nzima walihesabiwa kuwa kama milioni 1.3 mwaka 1973. Leo hukadiriwa kuwa karibu milioni 6, na huwindwa katika majimbo yote isipokuwa Alaska. Miaka ya karibuni idadi imepungua katika baadhi ya majimbo, na wakuu wa huko wamepunguza ruhusa ya kuwinda.

Basi tuangalie mambo yalivyofuatana. Ndege alipungua wakati bunduki zilipokuwa duni, akaongezeka wakati bunduki zilipokuwa bora kuliko zote zilizotangulia. Hivyo mtu asichague bunduki nyepesi akidhani kwamba udhaifu wake ni huruma. Marisau machache yasiyopenya humjeruhi ndege, naye hukimbia na kufa vichakani pasipo faida kwa mtu. Idadi ya ndege hulindwa na sheria na misitu. Bunduki ni ya kuua upesi, na ya kumfaa mwili yule aichukuaye.

Kwa mwili wa mwindaji, wepesi ni faida kubwa. Bunduki ya mitambo ya kujipakia, ya namba 12, aghalabu huwa na ratili 7 au 8. Ya mtutu mmoja ya namba 20, au ile ya.410, yaweza kuwa na ratili 5 au 6. Kwa mtu apandaye vilima tangu gizani, tena kwa mzee, mwanamke au kijana, tofauti hiyo si ndogo. Namba hizo zina maana yake: ukigawa ratili moja ya risasi katika matufe 12 yaliyo sawa, kila tufe litaenea katika mtutu wa namba 12, ukigawa katika matufe 20, utapata namba 20, ambayo ni nyembamba zaidi. Ile ya .410 hupimwa kwa sehemu za inchi, nayo ni nyembamba kupita hizo.

Lakini wepesi una gharama yake. Kiasi kile kile kikipigwa katika bunduki yenye nusu ya uzito, bunduki hurudi nyuma kwa mwendo maradufu, na nguvu ya teke lake begani huwa maradufu vilevile. Kwa sababu hiyo bunduki nyepesi ya namba 12 yenye viasi vizito ni adhabu. Mtu aliyekwisha kuumizwa nayo hufumba macho kabla ya kufyatua, na shabaha yake hupotea. Mwenye kutaka wepesi heri ashuke hadi namba 20 au .410.

Zamani shauri hilo lilikuwa na kasoro, maana .410 yenye marisau ya madini ya risasi ilikuwa haba mno kwa ndege huyu, na baadhi ya majimbo yaliikataza. Mambo yalibadilika katika miaka ya 2010, yalipoenea marisau ya tungsteni, madini mazito sana. Uzito wake ni kama mara 18 ya uzito wa maji, hali risasi ni kama mara 11. Punje ya tungsteni yenye upana wa milimeta 2 hupenya karibu sawa na punje ya risasi ya milimeta 3. Na kwa kuwa ni ndogo, wakia moja huwa na punje kama 360 badala ya 170. Bei yake ni kubwa, dola kadhaa kwa kiasi kimoja, lakini mwindaji wa bata mzinga hutumia viasi vichache tu kwa mwaka.

Tena mdomo wa mtutu utazamwe. Ukiwa umebanwa kidogo, marisau hutoka yakiwa yameshikamana. Na hivyo ndivyo ipasavyo, kwa sababu bata mzinga hulengwa kichwani na shingoni. Bunduki ijaribiwe kwanza kwa karatasi, kwa umbali wa yadi 20, 30 na 40. Desturi njema ni kutaka matundu yapatayo 100 katika duara lenye upana wa inchi 10. Umbali ambao matundu hayo hayapatikani ndio mpaka wa bunduki hiyo, na mwenyewe asiuvuke, hata ndege awe mkubwa namna gani.

Yako mawili ya hatari. La kwanza ni nyundo iliyo nje. Kidole gumba kilichokufa ganzi kwa baridi ya alfajiri chaweza kuteleza, na bunduki za zamani zisizo na kizuizi cha ndani zaweza kulia zenyewe. Anunuaye bunduki iliyokwisha kutumika aulize habari hiyo kwa fundi, maana ziko nyingi sokoni; utengenezaji wa bunduki za mtutu mmoja za Harrington & Richardson ulikoma mwaka 2015. La pili ni rangi. Kichwa cha dume kina wekundu, weupe na ubuluu, na watu wamepata kupigwa na wenzao walipokuwa wakiiga sauti ya ndege vichakani. Kwa hiyo mwindaji asivae rangi hizo, wala asifyatue mpaka amemwona ndege mzima.

Tukiulizwa basi tuchague ipi, twajibu: ya namba 20 kwa mwenye bega la kawaida, na ya .410 yenye marisau ya tungsteni kwa mwenye mwili mwepesi, kama sheria ya jimbo lake yaruhusu. Iwe na mdomo uliobanwa, nyundo yenye kizuizi, na kitako kilichokatwa kwa kipimo cha mkono wa mwenyewe. Na kabla ya msimu kufunguliwa, apige karatasi zake, aandike umbali alioupata, na aushike.