Kiwimbi Juu ya Herufi

Ufikapo Karatina, msomaji, katika Kaunti ya Nyeri, kumbuka ya kuwa ndiko alikochapa vitabu vya Kikuyu Gakaara wa Wanjau, ambaye shajara yake ya kifungoni, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrioinĩ, ilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Litazame vema jina hilo. Kikuyu kina irabu 7, na herufi za Kirumi za irabu ni 5 tu. Basi i na u huvikwa kiwimbi zipate kutoa sauti nyingine. Gĩkũyũ lenyewe lina viwimbi vitatu!

Kompyuta zilipoenea, kibodi nyingi hazikuwa na kiwimbi hicho. Mwaka 1998 ikatangazwa XML, lugha ya kupangia nyaraka, ambayo humruhusu mwandishi kuweka kifupisho, kiitwacho entiti, mahali pa herufi: aandike &itilde; nayo isomwe ĩ. Lakini entiti zijulikanazo bila kutangazwa ni 5 tu, wala hiyo haimo.

Mwaka 2001 ikaja skima, mkaguzi wa mpangilio wa waraka. Ukidhani yaweza kutangaza entiti, utakosea, na waraka wako utakataliwa hata kabla ya kukaguliwa. Tangazo shurti lipitie DOCTYPE, iliyo kichwani mwa waraka wenyewe. Asiyetaka taabu hiyo huandika &#297;, namba ya herufi hiyo, au ĩ yenyewe. Mimi napenda hiyo ya mwisho, maana ukurasa wa Kikuyu uliojaa namba hausomeki na mzee yeyote wa Nyeri.